Kushona Viraka kwa Mikono Iliyokataa

Asubuhi moja ya masika mkono wangu wa kulia ulikataa kushika mwiko.

Sikuwa nimeanguka, sikuwa nimegongwa, wala sikuwa na homa. Nililala mzima, nikaamka vidole vimevimba na kukakamaa, na nilipojaribu kuvikunja maumivu yalipanda hadi kiwikoni. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati ya Kariakoo. Mchele wa vitumbua nilioulowesha tangu jana ulikuwa unanisubiri kwenye beseni. Nilimwamsha binti yangu Zuhura, nikamwambia mkono umekufa ganzi, atwange yeye. Akatwanga. Mimi nikakaa kwenye kigoda nikiutazama mkono wangu kama kitu alichokisahau mgeni.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeamka leo hivyo hivyo. Nilipougua, sikumpata wa kunieleza yanayokuja. Nilitamani hata mtu wa kunitisha, ilimradi awe ameipita njia ile.

Naitwa Somoe. Kwetu ni Lindi. Mume wangu Athumani, mfanyakazi wa bandarini, ndiye aliyenileta Dar es Salaam, tukapanga chumba katika nyumba ya Kiswahili karibu na barabara ya Msimbazi. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ya sukari ya foleni na sabuni ya kukatwa vipande. Kila asubuhi nilikaanga vitumbua barazani, na watu wa sokoni walinunua wakiwa njiani.

Mkono ule ulifunguka kabla ya adhuhuri, nikasahau. Baada ya siku chache ukagoma tena, na safari hii ukamvuta mwenzake wa kushoto. Mvua zilipokatika nikadhani ugonjwa nao umekatika. Ukaingia magotini. Ugonjwa huu una tabia ya mwizi anayeijua nyumba: hauingii vyumba vyote siku moja, na ukiukuta mlango umefungwa hauvunji, unasubiri.

Nilivumilia mpaka siku kikaango kiliponiponyoka. Mafuta yalimwagika barazani yakipiga kelele, yakapita pembeni kidogo tu mwa mguu wa Zuhura aliyekuwa amechuchumaa akipanga sahani. Mtoto hakuungua. Lakini Athumani alitoka ndani, akatazama sakafu ile inayofuka moshi, akasema, "Basi. Hapa hakukaangwi tena."

Ndipo nikaenda hospitali.

Benchi la hospitali ile nililijua kuliko kitanda changu. Lilikuwa la mbao, limelika katikati kwa makalio ya watu, na ukiwahi alfajiri unawakuta waliolala hapo hapo. Hakuna aliyezungumza sana. Kila mara mlango ulipofunguka wote tuliinua vichwa, kisha tukavishusha. Siku yangu ya kuitwa, daktari kijana alinishika vidole kimoja kimoja, akauliza kama asubuhi ndiyo mbaya zaidi, nikasema ndiyo.

"Mama, hii ni baridi yabisi," alisema. "Sitakudanganya. Hatuiondoi. Tunaituliza."

"Na ikikataa kutulia?"

Alianza kuandika. Akaniandikia vidonge vingi vyeupe vya kumeza baada ya kula. Vilipunguza maumivu lakini vilinitia mvumo masikioni, kama nyuki walio ndani ya ukuta. Mpaka leo nikisikia nyuki natafuta maji ya kumezea dawa.

Mwili ulibadilika. Pete ya ndoa ilikatwa kwa msumeno na fundi wa redio, maana haikutoka tena. Sikuweza kufunga kanga kifuani. Zuhura alinifunga kama mimi nilivyomfunga alipokuwa mdogo. Kuogeshwa na mwanao ni jambo ambalo hakuna anayekuandaa kwalo. Tulikuwa hatutazamani usoni, tukiongea habari za shule.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Lindi, Bi Salima, na kikapu cha korosho. Alinitazama mikono kwa muda mrefu.

"Huyu kafungwa," akamwambia mwanawe, mbele yangu. "Na mtu hafungwi mikono bure. Kuna alichokishika kisicho chake."

Sikujua ananituhumu nini, na nadhani hata yeye hakujua. Nilipelekwa kwa mganga Buguruni, nikachanjwa viwiko na vifundo vya mikono kwa wembe, na chale zikapakwa dawa nyeusi. Chale zilipoiva na kutoa usaha wakaniambia ni uchawi unatoka. Nililala na homa kwa majuma. Wewe unayesoma, ukipelekwa, sikukatazi, maana najua hukupewa nafasi ya kukataa. Lakini usiache vidonge vya hospitali. Mimi niliviacha, na katika majuma yale kidole changu kidogo kilipinda, na hakijanyooka hadi leo.

Chumba chetu kilikuwa kimegawanywa kwa pazia. Jioni moja nilimsikia Bi Salima upande wa pili: "Mwanamke asiyekupikia, asiyekufulia, unamweka wa nini? Mrudishe kwao angali anatembea."

Nilisubiri Athumani ajibu. Nilisikia akipuliza chai yake.

Vuli ilipoanza alikuwa ameoa mke mwingine, Buguruni. Hakunipa talaka. Alikuja mara moja kwa juma, kisha mara moja moja, akiacha unga mlangoni kama mtu anayelisha kuku wa jirani.

Hospitali walinihamishia kwenye chumba cha mazoezi, ambako mikono ilichovywa kwenye nta ya moto. Hiyo ilikuwa rehema ndogo ya kwanza niliyoipata. Nta ikipoa mkononi unahisi umevishwa ngozi nyingine, changa. Ilidumu mpaka nilipofika getini, lakini ilikuwepo.

Kwenye benchi la chumba hicho ndiko nilikomwona Mama Kamla. Alikuwa bibi wa Kihindi, mwembamba, sari nyeupe, na vidole vyake vyote vilikuwa vimelalia upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Nilikuwa natazama mikono yangu ya kesho. Na mikono hiyo ilikuwa inashona.

"Wewe tazama sana," alisema bila kuinua macho.

"Samahani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Tazama tu. Mimi pia tazama ya mama yangu, zamani."

Alikuwa akiunganisha vipande vya nguo kuukuu, vya kila rangi, juu ya tabaka za kitambaa kilichochakaa, kwa mshono wa bandi mdogo mdogo, wa sindano kuingia na kutoka. Mfarishi wa viraka, wa kutandika kitandani. Kwao, alisema, kila bibi hushona, na hakuna nguo inayotupwa.

"Haiumi ukishona?" nikamuuliza.

"Inauma nikishona. Inauma nikikaa. Sasa bora shona."

Alikaa ghorofa ya juu katika mtaa wa maduka, si mbali nasi. Nyumba ile aliijenga baba mkwe wake, lakini ilikuwa imekwisha chukuliwa na serikali, na wao sasa walikuwa wapangaji ndani yake. Chini, mumewe alikuwa na duka la vitambaa lenye rafu zilizobaki wazi. Nilipanda ngazi zile nikipumzika kila pembe. Juu alinikalisha mkekani, akaniosha mikono kwa maji ya moto yenye chumvi, akaanza kunifundisha.

Sindano alinipa nene, ile ya kushonea magodoro, maana nyembamba vidole haviioni. Badala ya kuisukuma kwa ncha ya kidole, aliniwekea subana, kile kikofia cha chuma cha mshonaji, katikati ya kiganja, nikaisukuma kwa mkono mzima. Ili kuivuta, alinikatia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli; ukiishika sindano kwa mpira haitelezi, wala huhitaji nguvu. Mkasi sikuuweza kabisa. Basi nguo tulichana: unaanzisha mwanya kwa meno, unakanyaga upande mmoja, unavuta kwa kiwiko. Nguo ikichanwa hufuata uzi wake, ndiyo maana viraka vyangu vyote ni vya pembe nne.

Kipande changu cha kwanza kilikuwa kibaya. Mama Kamla alikigeuza huku na huku, akacheka mpaka akakohoa. "Mbuzi ameshona," alisema. Nami nikacheka, na nikagundua sikuwa nimecheka tangu masika.

Mafundi cherehani wa barazani Kariakoo walianza kuniwekea mabaki. Zuhura aliyaokota akitoka shule: vitenge, popolini, kaniki, marekani, ukingo wa kanga wenye nusu ya methali. Nilimwaga fuko sakafuni na kuanza kupanga. Sijui nieleze vipi furaha ile. Siku moja niliweka kiraka chekundu cha kitenge kando ya buluu iliyochujuka ya sketi ya shule, na kimoja kikamwamsha mwenzake. Nikakaa nikivitazama hivyo viwili mpaka uji ukamwagika jikoni. Maumivu hayakuondoka. Yalikuwa yamekaa pale pale, ila yalikosa mtu wa kuzungumza naye.

Bi Salima aliposikia alisema mikono isiyopika lakini inashona matambara, huo ndio ushahidi kuwa nilishika kisicho changu. Akarudi Lindi bila kuniaga.

Kiangazi kile ndipo habari ya msako ilipoanza. Gari la matangazo lilipita likisema mjini si mahali pa wasio na kazi, kila mtu shambani au kazini. Kwanza walichukuliwa vijana wa pembeni mwa soko. Kisha wapiga debe. Kisha tukasikia Ilala wamechukuliwa wanawake waliokuwa wamekaa tu mlangoni pao. Malori yalikuwa yanaondoka nao kwenda vijijini, na hakuna aliyejua kijiji gani. Kila siku mtaa mmoja. Nilikuwa nahesabu mitaa iliyobaki kama nilivyohesabu vidole vilivyobaki kunyooka.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mtulia, alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa mtu mwema, mwenye woga.

"Somoe, wakija watauliza. Wewe ni mke wa mtu, au unakaa peke yako?"

"Mimi ni mgonjwa, mzee."

Akakuna shavu. "Ugonjwa si kazi, mwanangu."

Nilikaa na neno hilo. Mkono usioshika kijiko utashikaje jembe? Huko kijijini kusikokuwa na nta wala vidonge, nani angenifunga kanga?

Juma lile lile Mama Kamla aliniambia wanaondoka. Wanawe walikuwa wamekwisha tangulia ng'ambo. Alikuwa amekaa kati ya masanduku, sari ile ile nyeupe, na mikono imelala mapajani bila kazi. Sikuwahi kuiona bila kazi.

"Huko baridi," alisema. "Hii mifupa itasema." Akanisukumia fuko la sari zilizochakaa, laini kama maziwa. "Weka ndani ya mfarishi. Maliza. Mimi sitaona, lakini wewe maliza."

Nilipopita tena, duka lilikuwa na kufuli na dirisha la juu lilikuwa wazi, likigongagonga.

Walikuja mtaani kwetu asubuhi, saa ambazo mikono yangu ni mibaya kuliko zote. Nilikuwa barazani nimeukunjua mfarishi magotini. Zuhura alikuwa shule. Mgambo wawili na ofisa mmoja, na nyuma yao Mzee Mtulia akitazama ardhi.

"Kazi yako?" aliuliza ofisa.

"Nashona."

"Wapi? Kiwanda gani?"

"Hapa."

"Mume?"

"Yuko bandarini."

"Anakaa hapa?"

Majirani walikuwa wanasikiliza. "Anakaa Buguruni," nikasema.

Mgambo mmoja alicheka. "Mke Kariakoo, mume Buguruni! Panda, mama."

Nilimtazama Mzee Mtulia. Aliendelea kutazama ardhi. Nilipoinuliwa niligundua vidole vyangu vimekaza kwenye ule mfarishi na siwezi kuuachia hata nikitaka. Nikapandishwa nao lorini, na sindano ikining'inia kwenye uzi.

Walitushusha kwenye kiwanja chenye uzio upande wa Ilala. Tulikuwa wengi, hakuna kivuli. Magoti yalikuwa yanawaka. Kando yangu alikaa msichana mwenye gauni la njano na nywele zilizosukwa nusu. Walimchukua katikati ya kusukwa. Alisema anaitwa Tausi, alikuwa akihudumu baa iliyofungwa.

"Dada, umebeba shuka la wapi hilo? Tunakwenda kulala huko?"

"Sijalimaliza," nikasema. Sikupata jibu jingine.

Alikicheka kile kichekesho ambacho hakikuwa kichekesho, kisha akaona mikono yangu. Akavikunjua vidole vyangu polepole, kimoja kimoja. Uzi ulikuwa umechomoka, sindano imenasa kwenye kitambaa. Akautia kwenye tundu la sindano bila kuulizwa.

"Haya. Maliza."

Nikashona. Jua lilipopanda, wanawake waliokuwa karibu walishika pembe za mfarishi na kuuinua juu ya vichwa vyetu, nami nikaendelea kushona ukingo uliokuwa ukining'inia upande wangu. Mwanga ulipita kwenye viraka ukatupaka rangi usoni. Mama mmoja alikuwa na shavu jekundu, Tausi paji la kijani. Mtu alianza kusema kila kiraka kimetoka kwenye nguo ya nani: hiki cha bibi harusi, hiki cha mlevi, hiki cha mwalimu mkali. Tulicheka mpaka mgambo akatuamuru tunyamaze. Nasema kweli, katika ugonjwa wangu wote sijapata saa iliyo bora kuliko ile, na nilikuwa nangoja lori.

Mchana Tausi aliomba ajaribu. Alishona mstari mmoja, umepinda, akaona haya. Lori likaingia. Ofisa akapita akinyoosha kidole: wewe, wewe, wewe. Kidole kilimfikia Tausi. Kilikuwa kinanifikia mimi niliposikia sauti ya Athumani kwenye uzio.

Alikuwa na nguo za kazi, vumbi la mizigo kichwani, na nyuma yake Mzee Mtulia akihema. Mzee hakuthubutu kusema mtaani, lakini alikuwa ameenda kwa miguu hadi bandarini.

"Yule ni mke wangu," Athumani alimwambia ofisa, akitoa kitambulisho chake.

"Mbona hukai naye?"

Athumani alikawia. Alikawia kwa muda ambao nilihisi lori lile limekwisha niondoa. Kisha akasema, "Nakaa naye. Ana maradhi. Mtazame mikono."

Ofisa alinitazama mikono. Nadhani ilimtisha. Akaashiria nitoke.

Tausi alikuwa amekwisha panda. Sindano yangu alikuwa ameichomeka kwenye ukosi wa gauni lake ili isipotee. Miaka ile sindano kama ile haikupatikana dukani. Nilifungua mdomo nimwite, nikaufunga. Nikamwacha aende nayo. Sijui alikopelekwa, na niliowauliza hawakujua.

Athumani alinitembeza hadi nyumbani, hatua kwa hatua. Alikaa kizingitini mpaka Zuhura akarudi. Alipoinuka alisema, "Pole, mama Zuhura. Siku ile mama aliposema nikurudishe, ningemjibu." Halafu akaenda Buguruni. Baada ya hapo alikuja kila juma, akalala, na msako ulipopita tena mtaani alikuwepo mlangoni. Sikumuuliza zaidi. Ugonjwa huu unakufundisha kutofungua mkono wa mtu kwa nguvu.

Masika yaliyofuata hospitali walinianzishia sindano za kila juma, na taratibu uvimbe ukapungua. Daktari anasema ugonjwa umelala. Hasemi umekufa, nami simlazimishi. Kila mvua inaponukia nakaa kitandani nikisikiliza vifundo vyangu, kama mtu anayesikiliza lori likipunguza mwendo nje. Mfarishi niliumaliza, analalia Zuhura. Mstari wa Tausi sikuufumua. Mwingine niliushonea kikundi cha akina mama wa mtaa, na sasa wananitambua kuwa mfanyakazi wao.

Wewe uliyeamka leo, usingoje kikaango kikuponyoke. Wahi benchi. Ukikuta pembeni yako mtu ambaye mikono yake inakutisha, kaa karibu naye. Osha vidole kwa maji ya moto kabla hujavilazimisha. Mruhusu mwanao akufunge kanga, na umshukuru kwa sauti. Mimi nilichelewa kumshukuru wangu. Na utafute kitu chochote, hata matambara, cha kuwapa mikono hiyo ya kufanya huku inauma, maana kuuma itauma.

Leo asubuhi kidole cha shahada kimegoma kukunjika. Nimeshona kwa cha kati.